Kroshia Ianze na Mshono Mrefu

Walimu wengi wa kroshia, pamoja na vitabu vingi vinavyowaongoza, humwanzisha mwanafunzi kwa mnyororo, kisha mshono mfupi, na mshono mrefu huja baadaye kana kwamba ni daraja la juu. Kwetu hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu anayejifunza mara nyingi ana hamu ya kitambaa cha kochi. Basi anashikishwa uzi mwembamba na sindano nyembamba tangu siku ya kwanza, na kabla mkono haujatulia anawekewa mbele yake ua la duara aige. Wapo wanaofaulu. Wapo pia wanaoweka sindano chini wakiamini hawakujaliwa mkono wa kufuma, ilhali kilichowaangusha ni mpangilio wa mafunzo. Mwanafunzi wa kroshia, awe mtoto wa shule ya msingi au mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, aanze na mshono mrefu, akae nao mpaka aweze kuisoma kazi yake mwenyewe kwa macho, ndipo avuke kwenda kwenye mengine.

Mshono mrefu ninaousema ni ule wa kuzungusha uzi mara moja. Unaufanya hivi: uzi unazungushwa juu ya sindano, sindano inaingizwa chini ya nyuzi mbili za kichwa cha mshono wa safu ya chini, uzi unanaswa na kuvutwa upande wa pili, na sasa vipo vitanzi vitatu juu ya sindano. Uzi unazungushwa tena na kupitishwa kwenye vitanzi viwili, vinabaki viwili. Unazungushwa mara ya mwisho na kupitishwa kwenye hivyo viwili. Kinabaki kimoja, na mshono umekamilika. Kilichosimama pale ni nguzo yenye shina linaloonekana wazi, kichwa chenye nyuzi mbili kwa juu, na uwazi mdogo kati yake na jirani yake. Umbile hilo ndilo linalomfaa anayeanza. Mshono mfupi hukaa umebanana na wenzake, na mkono mgeni huukaza zaidi kwa woga, hata mwanafunzi anashindwa kutambua mshono mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Kwenye mshono mrefu anaweza kuweka kidole juu ya kila nguzo na kuhesabu. Akikosea, kosa linaonekana kwa jicho, na anajua arudi nyuma mpaka wapi kufumua.

Jambo hilo linajitokeza zaidi kwenye kingo, mahali ambapo wengi hukata tamaa. Safu ikiisha, mfumaji anageuza kazi na kufuma minyororo mitatu, ambayo kwa kawaida inahesabiwa kuwa mshono wa kwanza wa safu mpya. Kwa hiyo sindano inaingia kwenye mshono wa pili, na mwisho wa safu mshono wa mwisho unatiwa juu ya ile minyororo mitatu ya safu iliyopita. Anayeusahau huo wa mwisho anapoteza mshono mmoja kila safu: kitambaa kilichoanza na mishono 20 kinafika safu ya 11 kikiwa na 10, na kilichokusudiwa kuwa mraba kinachongoka. Anayefuma kwenye shina la minyororo mitatu huku akiihesabu pia kuwa mshono anaongeza mmoja kila safu, na kitambaa kinapanuka. Anayefanya makosa yote mawili pamoja ndiye mwenye kazi, kwa sababu hesabu yake inabaki 20 kila safu, ila kingo zinatoka vinundu na vishimo, naye haelewi kwa nini. Hapo ndipo mtu anapojifunza kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima aitazame kazi. Anayeweza kueleza kwa nini ukingo wake umepinda ameshaingia kwenye ufundi, hata kama hajui kufuma ua hata moja.

Faida nyingine, ambayo nadhani haisemwi vya kutosha, ni hesabu iliyomo ndani ya duara. Anayefuma duara kwa mshono mrefu huanza na mishono 12 na kuongeza 12 kila mzunguko: 12, 24, 36, 48. Anayetumia mshono mfupi huanza na 6 na kuongeza 6. Wafumaji wengi hukariri namba hizo kama zilivyo, bila kuuliza zilikotoka, nazo zinatoka kwenye somo la duara linalofundishwa shuleni. Kila mzunguko unaongeza nusu kipenyo kwa kiasi cha kimo cha mshono mmoja, na mzingo unaongezeka kwa kimo hicho mara mbili ya pai, yaani mara 6.28. Mshono mfupi una kimo kinachokaribiana na upana wake, kwa hiyo mzingo unadai takriban mishono 6 zaidi. Mshono mrefu kimo chake ni karibu mara mbili ya upana, na mara mbili ya 6.28 ni 12 na ushei. Ukiongeza pungufu ya hapo, kingo zinainuka na kitambaa kinaanza kuwa kofia, na kweli ndivyo kofia ya kufuma inavyopatikana, kwa kuacha kuongeza kwa makusudi. Ukizidisha, kingo zinajaa mawimbi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliitumia tabia hiyo ya kuongeza mishono kwa uwiano usiobadilika kufuma maumbo ya jiometri ya hiperboliki, ambayo wanafunzi walikuwa wakihangaika kuyawaza. Ikiwa kroshia imeingia kwenye mhadhara wa chuo kikuu, sioni kwa nini mtoto wa darasa la sita au la saba akariri pai ubaoni bila kuishika mkononi. Tanzania ilipoanza kutekeleza mitaala mipya mwaka 2024 ikiwa na mkondo wa amali, mlango wa mambo ya namna hii ulifunguliwa. Kinachosubiriwa ni mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kazi za mikono wakae meza moja.

Atatokea mtu aseme kwamba mshono mfupi una hatua chache, na busara ya ufundishaji ni kuanza na lililo dogo. Hatua ni chache kweli. Lakini ugumu wa anayeanza hauko kwenye idadi ya hatua, kwa sababu hatua za mkono zinazoeleka upesi. Ugumu uko kwenye kuona mahali pa kuingiza sindano, na hapo mshono mfupi ndio unaoficha. Tena mshono mfupi unapanda polepole, hata saa nzima ya jasho inaweza kuzaa utepe mwembamba tu, wakati kwa mshono mrefu mwanafunzi anakiona kitambaa kikikua mbele yake. Nakubali bila ubishi kwamba mikoba, vikapu na midoli ya kufuma inataka mshono mfupi, maana uwazi hautakiwi pale. Aliyekwisha kuumudu mrefu atajifunza mfupi kwa muda mchache, kwani ni mwendo ule ule uliopunguzwa.

Wengine wataogopa kwamba kumshikilia mwanafunzi kwenye mshono mmoja kutamchosha. Ingekuwa hivyo kama mshono wenyewe usingezaa kitu. Kwa mshono mrefu na mnyororo tu, bila kingine cha maana, unafuma ule mraba maarufu wa vikonyo vya mishono mitatu mitatu unaoungwa na wenzake kuwa blanketi. Kwa hivyo hivyo viwili unafuma pia kitambaa cha vijidirisha, ambapo dirisha tupu ni minyororo miwili kati ya nguzo na dirisha lililojaa ni nguzo zenyewe, na kwa kujaza na kuacha unaandika jina la mtu au unachora ndege. Vitambaa vingi vya meza na makochi vinavyopendwa majumbani mwetu, ukivikagua kwa karibu, ni nguzo na minyororo kwa mpangilio tofauti. Ireland nayo ina la kutufunza. Wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, kroshia ilifundishwa kwa familia zilizokuwa hazina kitu, kwa sababu ilidai uzi na sindano tu na ilikwenda kasi kuliko lesi ya kushonwa kwa sindano. Katika mji wa Clones, ambako Cassandra Hand alianzisha kazi hiyo mwaka 1847, mfumaji aliweza kubobea kwenye ua la aina moja, na vipande vya wengi vikaunganishwa kuwa vazi moja la kuuzwa. Watu waliokuwa na njaa hawakuwa na muda wa kujua kila kitu nusunusu.

Na simu je? Vijana wanasema siku hizi kila kitu kipo kwenye video. Video ni msaada mkubwa, nami sitaki kuidharau, ila inamfaa zaidi mwenye msingi. Maelekezo ya Marekani na ya Uingereza hutumia jina moja kwa mishono miwili tofauti: kinachoitwa hivyo Marekani ni mshono mrefu, na Uingereza ni mfupi. Mwanafunzi anayefuata jina tu anaweza kumaliza sweta yenye karibu nusu ya urefu uliokusudiwa. Anayejua kusoma kimo cha mshono atagundua mapema, na akifundishwa pia alama za michoro, ambapo mshono huu ni herufi T yenye mstari mmoja wa mshazari, atafuata hata kitabu cha Kijapani bila kujua neno moja la lugha hiyo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la wanaosema kroshia ni namna ya kumrudisha mtoto wa kike sebuleni. Historia inawapa haki ya kushuku. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, chini ya serikali ya kikoloni, mafunzo yake yalielemea mno kazi za nyumbani. Jibu langu ni kwamba somo hili wapewe wavulana pia, kwa kiwango kile kile. Mwanamume wa pwani anayeketi ufukweni kutengeneza jarife anashughulika na uzi na macho ya wavu mchana kutwa, wala hakuna anayeona ajabu. Jibu la pili ni kwamba wanaofuma wafundishwe pia thamani ya kazi yao. Kroshia halisi bado hufumwa kwa mkono duniani kote. Mashine za viwandani zinazobeba jina hilo hutoa kitambaa cha namna nyingine kinachofanana nayo. Kitambaa cha mishono 60 kwa safu 30 kina mishono 1,800. Mfumaji wa kasi ya mishono 15 kwa dakika atatumia saa mbili kamili, kabla ya kumalizia kingo, kufua, kutia wanga na kunyoosha. Aliyezoea kuhesabu mishono tangu siku ya kwanza anaweza kumwekea mteja hesabu hiyo mezani. Aliyefundishwa kuiga tu atauza kwa bei ya uzi na kubaki na shukrani.

Basi mwalimu anayefungua darasa la kroshia, shuleni au kwenye kikundi, namwomba afanye hivi. Aweke pembeni uzi mwembamba na uzi mweusi. Ampe kila mwanafunzi sindano ya milimita 4 au 5 na uzi mnene, laini, wa rangi nyeupe au ya krimu, ambao kila kitanzi chake kinaonekana. Amfundishe mnyororo, kisha mshono mrefu, mishono 20 kwa safu, na asikubali kazi kwa sababu tu ni nadhifu. Amuulize mwanafunzi safu ina mishono mingapi, wa kwanza ni upi na wa mwisho umeingia wapi. Asiyeweza kujibu afumue na kufuma tena. Ua la kochi lisubiri mpaka ukingo unyooke.