Wazee na usingizi: Si saa ngapi tu, bali pia saa zipi

KWA miaka mingi ushauri wa madaktari kuhusu usingizi umekuwa mfupi: mtu mzima alale angalau saa saba. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani Februari 2023 unaashiria kuwa, kwa wenye umri mkubwa, hesabu hiyo pekee haitoshi.

Utafiti huo, ulioongozwa na Kelsie Full wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ulihusisha watu 2,032 wenye wastani wa umri wa miaka 69. Kwa siku saba walivaa mkononi kifaa mithili ya saa kilichorekodi nyakati za kulala na kuamka. Mishipa yao ya damu nayo ilipimwa.

Wale ambao muda wao wa kulala ulipishana kwa zaidi ya saa mbili kati ya usiku mmoja na mwingine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban theluthi moja, wa kukutwa na chokaa nyingi katika mishipa inayolisha moyo, wakilinganishwa na wale ambao tofauti yao haikuzidi saa moja. Waliopanda kitandani kwa nyakati zisizotabirika nao walionyesha mwelekeo huohuo.

Chokaa hiyo si jambo dogo. Hujikusanya pamoja na mafuta katika kuta za ateri, zikakakamaa na njia ya damu ikawa finyu. Utando huo ukipasuka, damu huganda, na matokeo yake huweza kuwa shambulio la moyo au kiharusi.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili una saa yake ya ndani. Usiku, shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka kwa kati ya asilimia 10 na 20, na mishipa hupata nafuu. Ratiba ya usingizi ikivurugika, mpangilio huo nao huyumba.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Usingizi na mishipa vilipimwa katika kipindi kimoja, hivyo haiwezi kuthibitishwa kuwa kimoja ndicho kilichosababisha kingine. Huenda maradhi yenyewe ndiyo yanayomnyima mzee usingizi.

Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliingiza usingizi katika orodha ya mambo manane ya kulinda moyo, lakini kipimo chake kilikuwa idadi ya saa tu. Matokeo haya yanadai swali la pili katika vyumba vya madaktari: mgonjwa hulala na kuamka saa ngapi, na je, hubadilika kila siku?

Kulala kwa ratiba hakugharimu fedha, ila si mbadala wa dawa za shinikizo la damu. Na mzee anayeamshwa na maumivu, haja ndogo ya mara kwa mara au kukoroma kunakokatiza pumzi hahitaji kuhimizwa kuwahi kitandani, anahitaji kutibiwa.