Makinikia ya Nyimbo

Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, kila kijiwe cha kahawa katika ukanda huu wa dhahabu kiligeuka chuo cha madini. Watu ambao hawajawahi kuvuka geti la Bulyanhulu walijua kwa kichwa idadi ya makontena yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam: 277. Walipiga hesabu za dhahabu na shaba mpaka kahawa ikapoa. Vizuri sana. Mali ni yetu, lazima tuikodolee macho.

Lakini mimi nauliza, na naomba nijibiwe bila longolongo: nyimbo zinazotoka humu humu, nani anazihesabu?

Nauliza kwa sababu ya ubishi unaorudi kila mara tunapokutana vijana wa kalamu na wa muziki. Kikundi cha ngoma kikishapiga miaka yake ishirini au thelathini, kitoe albamu ya mkusanyo, yenye nyimbo za mwanzo mpaka za leo? Na kialike wasanii wageni ndani yake? Hapo makambi huwa mawili. Kambi ya kwanza ni ya "msiguse asili". Kwao gitaa likisogea karibu na ngoma, mizimu imekasirika. Kambi ya pili ni ya washikaji wa mshiko: bila staa wa bongofleva hakuna dili, wazee wakae nyuma wapige makofi.

Nawapinga wote wawili.

Nyie wa "msiguse", hebu niambieni, ni ngoma gani ya Usukuma iliyowahi kuishi peke yake kama mtawa? Wagika na Wagalu wameshindana vizazi na vizazi, na uwanja haujai mpaka kuwe na mpinzani upande wa pili. Bugobogobo ilizaliwa shambani, jembe mkononi, watu wakilima kwa mpigo mmoja. Leo inachezwa jukwaani, kwenye Bulabo kule Bujora na kwenye mapokezi ya viongozi, na jembe bado linarushwa juu na kudakwa. Imehama shamba, haijafa. Asili ni kama mbegu: ukiifungia kabatini kwa heshima, wadudu nao wataila kwa heshima hiyo hiyo.

Nyie wa mshiko nanyi msicheke, zamu yenu imefika. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoka Kagera na Maria Salome, nchi nzima ikaimba Kihaya bila kukijua. Mwaka 2016 ikaja Salome mpya iliyojengwa juu ya wimbo ule, na majina yaliyoandikwa juu yake ni Diamond Platnumz na Rayvanny. Sisemi kuna aliyeibiwa. Sina kesi na mtu. Nasema hivi: wimbo wa mama ukirudi mjini, mama naye apewe nafasi garini. Kama staa ndiye mwenye nyumba na mtunzi ni kumbukumbu tu, huo si ualikwa. Hayo ni makinikia. Mchanga umeondoka, dhahabu inahesabiwa kwingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe.

Nitoe mfano wa mbali, ili msiseme naota. Kule Ayalandi kuna kikundi kinaitwa The Chieftains. Kilianzishwa Dublin mwaka 1962 na Paddy Moloney, mpiga zumari la mfuko, aliyefariki 2021. Hawa walipiga muziki wa vijijini kwao, filimbi, fidla na kinubi. Ni ngoma ya wazee, kama mnavyosema. Mwaka 2002 walitoa albamu ya mkusanyo ya kuadhimisha miaka 40, na wageni waliojaa humo si mchezo: Sting, Van Morrison, Rolling Stones, hata Ziggy Marley akiimba wimbo wa baba yake. Sasa sikiliza mkao wake. Jina kubwa juu ya jalada ni la wenyeji. Sting, mwanamuziki wa viwanja vikubwa vya mpira, alipoalikwa aliimba pia kwa Kiayalandi, lugha ya mwenyeji. Na Ziggy alipoleta reggae, zumari lile lile lilimfuata huko. Mgeni alivua viatu mlangoni, akala kilichopikwa, akaongeza chumvi kidogo. Mwenyeji akapona kweli.

Na sisi? Tunao watu wa kiwango hicho hicho, ila nyumba za mikusanyo yetu zimejengwa ng'ambo. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905. Ilipotimiza miaka 100, albamu ya karne yake ilitolewa Ufaransa mwaka 2005 na kampuni ya Buda Musique. Mzee Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alitoa albamu na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, mwaka 2002 kupitia Real World ya Uingereza; mwaka uliofuata akatutoka. Wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, walitoa Maisha mwaka 2024, kampuni ile ile. Hata nyimbo za kazi za Wasukuma, za jembe hili hili la jirani yangu, zimekusanywa katika kitabu kinene cha Mmarekani Frank Gunderson, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2010.

Siwalaumu wageni hao. Waliona thamani, wakafanya kazi, wakaandika majina. Aibu ni yetu sisi tuliokaa juu ya mwamba tukisubiri mtu wa mbali atuambie kuwa unang'aa.

Tazama hali ilivyo hapa Kharumwa. Nenda mnadani siku ya gulio. Nyimbo za Kisukuma zinapigwa spika zikapasuka, na kijana mwenye kompyuta anakujazia memori kadi kwa bei ya chai na andazi. Fungua kadi hiyo uone majina: "Kisukuma mpya 4", "Track 07", "Ngoma kali". Mtunzi ni nani? Mpiga ngoma? Mwaka gani? Hakuna. Na ajabu ni kwamba ningi, yaani manju wetu, hujitaja jina ndani ya wimbo wake, na ukoo wake, na kijiji chake. Hiyo ndiyo hakimiliki ya kwanza kabisa ya Usukuma, ilikuwepo kabla ya sheria ya 1999 inayomlinda mtunzi, mwimbaji na mpigaji. Mzee amesaini wimbo kwa mdomo wake, sisi tunaufuta kwa kidole.

Basi nataka nini? Nataka vikundi vya ngoma vya huku Geita, Shinyanga na Mwanza vitoe mikusanyo ya maisha yao sasa, wazee wakiwa hai, na wageni waalikwe kwa masharti manne.

Kwanza, wenyeji ndio wachague nyimbo. Si prodyuza, si mfadhili, si mwanasiasa anayetafuta kura.

Pili, mgeni aingie kwenye mpigo wa mwenyeji na aimbe angalau kiitikio kwa Kisukuma. Kikimshinda, apige makofi. Nayo ni kazi.

Tatu, kila mkono uliogusa ngoma uandikwe jina, na mgao wa fedha uandikwe karatasini kabla maiki haijawashwa. Kikundi kimoja ninachokijua kilirekodi mjini kwa ahadi ya "tutaongea baadaye". Baadaye hiyo haijafika mpaka leo.

Nne, jalada liwe na maandishi: wimbo ulitungwa lini, katika kilimo gani, ulimjibu mshindani yupi.

Hilo la nne linatuhusu sisi, ndugu mwandishi chipukizi. Tunalalamika kwamba hakuna pa kuchapisha, wachapishaji wanatuzungusha, mashairi yetu yanazeekea kwenye madaftari. Sawa, ni kweli. Lakini wakati tunasubiri kuwa Shaaban Robert, mzee wa nyumba ya tatu ana nyimbo hamsini kichwani na hakuna hata moja iliyoandikwa. Akifa tutaenda matangani, tutakula wali, tutasema alikuwa hazina. Hazina gani ambayo hukuchukua hata daftari kuihesabu?

Makinikia yalizuiwa kwa amri ya Ikulu. Nyimbo hazitapata amri hiyo, msijidanganye. Zitazuiwa na kijana mwenye kalamu ya shilingi mia mbili anayekaa kwenye kigoda na kuuliza: babu, huu ulitunga wewe? Mwaka gani? Na aliyekupigia ngoma ni nani?

Kama huwezi kuuliza maswali hayo matatu, usinipigie kelele za asili wala za soko. Mpishe mzee aimbe.