Taa za Kibodi Hazimpi Mtu Ushindi

Kijana mmoja anayejulikana mitandaoni kwa kurusha gemu laivu kaanika kibodi yake mpya ya mekanika, taa rangi zote, kisha akamcheka mwenzake mwenye kibodi ya bei chee: "Hiyo ya kuchapia barua!" Mashabiki wakashangilia. Hapo walichemka.

Huyo anayechekwa anaishi chumba kimoja na mdogo wake anayejiandaa na mtihani. Ndiyo maana kachagua swichi nyekundu, zinazoshuka laini bila kupiga "ta! ta!" kama za bluu. Tena Cherry MX nyekundu inapokea amri ikishuka milimita 2 tu, huhitaji kuikandamiza mpaka chini.

Pili, kibodi yake ina soketi, swichi zinachomolewa bila kuchoma risasi. Ikifa moja, anabadili hiyo hiyo moja. Batani ya spesi ilikuwa inagongagonga. Kaipaka grisi kidogo kwenye vyuma vyake, imetulia. Vifuniko kaweka vya PBT, ambavyo huchelewa kung'aa kwa msuguano wa vidole kuliko vya ABS.

Na yule wa taa? Watu wake wa karibu wanasema hela ya kodi ndiyo iliyokwenda huko, na swichi zake za bluu majirani wanazisikia hadi usiku wa manane.

Kupendeza ruksa, lakini anza na vidole vyako, chumba chako na mfuko wako. Taa zije mwisho.

Wewe ungechukua ipi?