Mama Aliyepasuliwa Arudipo Nyumbani

Juma hili twamzungumzia mama aliyejifungua kwa upasuaji, naye angojea ruhusa ya kurudi nyumbani. Jamaa wengi wamwonapo ameketi kitandani, mtoto mikononi, hudhani mambo yamekwisha. La hasha. Mama huyu ni mzazi, na papo hapo ni mgonjwa aliyefanyiwa operesheni kubwa. Ngozi ya juu huweza kushikana katika siku chache, lakini tabaka za ndani, pamoja na mfuko wa uzazi, huhitaji majuma 6 au zaidi.

Kwa hiyo matayarisho yaanzie wodini. Yafaa mume, mama mkwe au yeyote atakayemwuguza awepo muuguzi anapotoa maelezo. Mama mwenye maumivu na usingizi mchache hawezi kukumbuka yote, wala si rahisi kwake kubishana na wakubwa wake nyumbani.

Ubishi wenyewe mara nyingi huwa juu ya kukandwa. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto imeenea sana kwetu, na wazee huifanya kwa mapenzi. Lakini tumbo lenye mshono halikandwi. Maji ya moto huunguza, na kugandamiza kwaweza kufumua kidonda. Muuguzi akisharuhusu kidonda kiguswe na maji, mama aoge kila siku na kukikausha taratibu kwa kitambaa safi. Kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji.

Pili ni kazi. Kwa majuma hayo 6 mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Hapa ndipo baba anapopimwa: kuteka maji, kufua nepi na kusonga ugali si aibu kwa mwanamume. Hata hivyo mama asilale kutwa. Atembee polepole, kwani kutembea husaidia kuzuia damu isigande miguuni.

Tatu ni kunyonyesha. Mshono haukatazi. Mama alale ubavu, au ampakate mtoto chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea mgongoni kwa mama, ili tumbo lisiguswe.

Tena kila mtu nyumbani azijue dalili za hatari: homa, usaha au kidonda kufumuka, uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuhema kwa shida, kuumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, degedege. Ionekanapo hata moja, mama apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, bila kungoja siku ya kliniki.

Kabla ya kuondoka, mama aulize sababu ya kupasuliwa, nayo iandikwe katika kadi yake. Shirika la Afya Duniani hushauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Basi wazazi waulizie mapema njia ya uzazi wa mpango. Mimba hiyo ikija, aende kliniki mapema na ajifungulie katika hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Mwisho, tuache maneno ya kwamba aliyepasuliwa ni mvivu wa kusukuma. Amezaa kama wazaavyo wengine, na jeraha juu. Ajaye kumpongeza na aanze kwa kumtekea ndoo ya maji.