Bei ya Kwenye Kibandiko

Washikaji wa Bongo hawaishi kuniuliza: "Wewe umekaa Berlin, sasa upo Houston. Wapi kuna maisha?" Leo najibu, na naanzia dukani.

Wiki yangu ya kwanza hapa Texas niliingia dukani na noti moja ya dola 10. Sabuni na taulo, nikijumlisha vibandiko, dola 9.60. Nikajiona mjanja. Kufika kaunta, mashine ikasoma 10.39. Foleni imejaa nyuma yangu, mimi napekua mifuko kama niliyeibiwa. Kumbe kodi ya mauzo, asilimia 8.25, huongezwa mwishoni. Kule Berlin kodi imeshaingizwa ndani ya bei. Kilichoandikwa ndicho unacholipa.

Tangu siku hiyo nakiona kibandiko hicho kila kona. Mgahawani usipoacha bakshishi unaonekana huna utu. Na kweli, hapa Texas sheria inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi zijazie hadi kima cha chini. Kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991.

Mshahara nao ni vivyo hivyo. Ukiusikia ni mnono, lakini toa gari kwanza. Treni ya mjini ipo tangu 2004, ila jiji limetawanyika kuliko reli, na bila gari utangoja basi juani mpaka ukome. Toa bima, toa mafuta, toa rejesho la mkopo. Halafu toa mapumziko: Umoja wa Ulaya unamhakikishia mfanyakazi angalau wiki 4 za likizo yenye malipo kila mwaka. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimhakikishii hata siku moja.

Msidhani Berlin ni peponi. Jumapili maduka yamefungwa, ukisahau chumvi Jumamosi ukimbilie stesheni. Nilikaa ukuta kwa ukuta na jirani mwaka mzima, na mara ya kwanza kuniongelesha ilikuwa kunikanya nisitupe chupa kwenye pipa la vioo siku ya Jumapili, namvurugia utulivu. Hapa Houston dada wa kaunta, huku nikiaibika na dola yangu, aliniita mpenzi na mtu wa nyuma akanilipia senti 39. Upweke wa Berlin ni gharama pia, nao hauandikwi popote.

Pamoja na hayo, kura yangu naipa Berlin. Pesa utaitafuta tena, lakini saa zako hazirudi. Nina rafiki hapa mwenye kazi mbili. Analala garini kati ya zamu na zamu. Mwezi uliopita alituma nyumbani picha ameegemea gari hilohilo, anacheka. Mdogo wake sasa anataka kuacha chuo amfuate.

Hapo ndipo penye tatizo, jamani. Tunaolaumu maduka ya Marekani tunafanya vilevile: ndugu zetu tunawaonyesha kibandiko, jumla tunaificha. Mimi mwenyewe nimetuma picha za namna hiyo.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari, usimuulize aliye majuu analipwa ngapi. Muulize jana alilala saa ngapi.