Kununua intaneti yenye kasi zaidi si dawa

Mwandishi wa makala, hapo uliposema dawa ya mashambulizi ya kuangusha seva ni kuongeza kasi ya intaneti, sikubaliani nawe. Udhaifu uko kwenye itifaki ya TCP yenyewe: mteja akibisha hodi kwa SYN, seva inajibu SYN-ACK, inatenga kumbukumbu, kisha inasubiri jibu la mwisho. Mshambuliaji anatuma SYN zenye anwani bandia za mtumaji, jibu haliji, foleni inajaa, na wateja halali wanabaki nje. Ndivyo Panix, kampuni ya intaneti ya New York, ilivyoangushwa Septemba 1996, enzi za modemu za simu. Mimi ni msimamizi wa seva. Tulipopatwa na shambulio kama hilo kazini, laini ilikuwa na nafasi tele na prosesa imetulia, lakini amri ya netstat ilijaa SYN_RECV, yaani miunganisho inayosubiri jibu la mwisho, mstari baada ya mstari, na hakuna mteja aliyeweza kufungua ukurasa.

Na ndugu mnaosema kwenye maoni hapo juu kwamba haya ni mambo ya kale, mwaka 2023 HTTP/2 ilionyesha kasoro ya jamii hiyo hiyo: mshambuliaji anafungua ombi na kulifuta papo hapo, seva inabaki na mzigo. Google walipima maombi milioni 398 kwa sekunde! Kwa SYN, dawa ipo tangu 1996, nayo ni vidakuzi vya SYN vya Daniel J. Bernstein: foleni ikijaa, seva haihifadhi chochote mpaka mteja arudishe namba aliyopewa. Kwenye Linux ni bure. Kabla hamjalipia kasi zaidi, hakikisheni kwanza kwamba net.ipv4.tcp_syncookies ni 1.