Fimbo ya babu ina upanga ndani: tuiuze, tuitupe au tuitunze?

Mzazi mwenzangu, wiki hii nilikusudia tuzungumzie ada na sare za shule. Ujumbe wa mama mmoja wa Bunda umenifanya niiweke mada hiyo kando, kwa sababu jambo lake haliwezi kusubiri.

Mama huyu ana watoto watatu. Baba mkwe wake alifariki mwaka jana, na kati ya vitu alivyoacha kuna fimbo nyeusi yenye kishikio cheupe. Haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya baba yake, askari wa KAR aliyerudi nayo kutoka vita ya Burma. Miaka yote fimbo hiyo ilisimama pembeni ya kabati na hakuna aliyeihoji. Mwezi uliopita mtoto wa miaka tisa alizungusha kishikio, akavuta, na ndani ukatoka upanga mwembamba unaokaribia urefu wa mkono wa mtu mzima. Akaenda nao uani kuwaonyesha wenzake.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, isipokuwa familia sasa imegawanyika. Shemeji mkubwa anataka iuzwe, kwani kuna mtu anayepita Musoma akitafuta “vitu vya Mjerumani” na ameahidi shilingi 400,000. Shemeji mdogo anasema kitu cha damu hakikai nyumbani, kitupwe ziwani. Mume anataka kuitundika sebuleni kama kumbukumbu ya babu yake. Mama anauliza: “Na mimi ninayelala na watoto humu ndani nifanye nini?”

Tumjibu hatua kwa hatua. Najua si yeye peke yake. Mkoa wetu umetoa askari wengi kwa vizazi, na katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama kuna singe chini ya kitanda, sime juu ya dari, au upanga uliofungwa kwenye kitenge cha zamani.

Mtoto kwanza, historia baadaye

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo inafaa kwa mtu mzima mkaidi anayekataa ushauri. Kwa mtoto wa miaka tisa mwenye upanga mkononi haifai hata kidogo.

Kabla hamjakubaliana kuuza au kutunza, leo hii fimbo hiyo iondoke pembeni ya kabati. Iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mzima mmoja. Juu ya kabati hapatoshi, kwa sababu mtoto anayejua kupanda mwembe anajua kupanda stuli. Kuutundika ukutani ukiwa wazi nako hakufai, na mume wa mama huyu anisamehe. Upanga ukutani ni mzuri nyumba ikiwa na amani. Lakini sisi watu wazima tunajua kuna siku sauti hupanda ndani ya nyumba, na siku hiyo ni heri kitu chenye ncha kiwe nyuma ya kufuli.

Kisha zungumza na mtoto. Usimchape kwa kugundua jambo ambalo watu wazima hawakumwambia. Mwambie: “Hiki ni cha babu yako mkubwa. Kina makali. Ukitaka kukiona, niambie, tutakitazama pamoja.” Mtoto aliyeahidiwa kuonyeshwa hana sababu kubwa ya kuiba ufunguo.

Fimbo kama hii ilitoka wapi?

Huyo anayetafuta vitu vya Mjerumani huenda hajui anachotaka kununua. Fimbo yenye upanga ndani ni kitu cha zamani kilichotumika nchi nyingi. Uingereza na Ufaransa ilibebwa na waungwana waliotembea mjini bila kutaka kuonekana wana silaha. India nako kuna ya kwao, na huiita gupti.

Hapo ndipo maneno ya baba mkwe yanapopata uzito. Askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945. Waliokwenda Burma walipitia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na India. Askari mwenye mshahara wake mfukoni angeweza kabisa kununua fimbo ya namna hiyo sokoni India na kurudi nayo hadi Bunda. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hadithi ya familia inaendana na njia waliyopita.

Kama nyumbani kwenu kuna upanga au singe, tazama alama kabla ya kumsikiliza mnunuzi. Kwenye panga za maafisa wa Kiingereza mara nyingi kuna taji na herufi za mfalme: GR yenye V katikati au pembeni ni Mfalme George wa Tano, aliyetawala 1910 hadi 1936, na yenye VI ni George wa Sita, 1936 hadi 1952. Jina la Wilkinson wa London ni la mtengenezaji. Jina la Solingen ni la mji wa Ujerumani uliojulikana kwa vyuma vyenye makali. Singe nyingi za Kijerumani zina taji, herufi W na tarakimu mbili za mwaka mgongoni mwa chuma, kwa mfano 98 kwa mwaka 1898. Upanga uliopinda au jambia la ala ya fedha huenda ulitoka pwani, Zanzibar au Oman. Na sime ya mhunzi wa hapa haina herufi yoyote. Kukosa herufi si kukosa thamani.

Sheria inasema nini

Mambo haya matatu yazingatiwe na kila familia.

La kwanza ni kishikio. Mama amesema ni cheupe. Huenda ni mfupa, huenda ni pembe ya ng'ombe, lakini pia huenda ni pembe ya ndovu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya ndovu na ya kifaru ni nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka mingi, na kuziuza ni kujitafutia balaa kubwa zaidi. Hapa jirani na Serengeti hakuna asiyejua jambo hili linavyochukuliwa. Kwa hiyo, kabla fimbo haijahamishwa kwenda popote, familia ikaulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ikiwa na picha na maelezo ya ilivyorithiwa. Anayekwenda kuuliza mwenyewe yuko mahali tofauti na anayekamatwa akiuza gesti usiku.

La pili ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hii inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na pia inagusa vitu vya mila na utamaduni vya baadaye. Biashara yake na kuvipeleka nje ya nchi vinahitaji kibali. Mnunuzi anayesema “usiwe na wasiwasi, kitavuka mpaka usiku” anakufanya mshirika wake.

La tatu ni kutembea nacho. Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kubeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu. Kijana asiichukue fimbo hiyo kwenda nayo harusini kwa kujionyesha. Na kama kwenye sanduku la babu kuna bunduki, gobole au risasi, usiguse wala usisafishe. Toa taarifa polisi, kwani silaha za moto zina sheria yake ya mwaka 2015.

Kuhusu zile 400,000

Shemeji mkubwa si mtu mbaya. Fedha hiyo ingelipa mahitaji ya shule ya watoto kadhaa, na hakuna anayekula kumbukumbu. Lakini kuuza kwa haraka ni kuuza gizani. Mnunuzi anayekataa kutaja jina lake, anayekataa kuandikishana, na anayesema bei inaisha leo, anajua jambo ambalo wewe hulijui. Kitu kilichokaa tangu 1945 hakitaoza kikisubiri mwezi mmoja.

Na wale mnaotaka kununua ili mkusanye, nanyi msikie. Kuna panga mpya nyingi zinazotengenezwa na kuzeeshwa kwa tindikali ili zionekane za karne iliyopita. Kutu ya uongo mara nyingi ni ya rangi moja kila mahali, hata mahali ambapo mkono ungepapasa na kupang'arisha kwa miaka. Kitu cha zamani huchakaa pale kiliposhikwa.

Na damu je?

Shemeji mdogo naye asichekwe. Kuogopa kitu cha vita ni heshima kwa uhai. Kama ukoo unaona inafaa wazee wakae, waombe, au wafanye la desturi yao kabla kitu hicho hakijaendelea kukaa ndani, wafanye. Ila kukitupa ziwani hakumalizi jambo. Wavuvi wetu wana nyavu, na watoto wetu wanaogelea. Ulichokitupa wewe Bunda kinaweza kumkata mguu mtoto wa mwenzio.

Ukiamua kutunza

Hewa ya ziwa ni adui wa chuma. Futa chuma kwa kitambaa laini na kikavu, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani, kidogo tu, mara chache kwa mwaka. Vaa glavu au shika kwa kitambaa, kwa sababu jasho la vidole huleta kutu. Usitumie msasa, usipeleke kwa fundi kunolewa, wala usisugue alama hadi zing'ae. Ukifuta herufi za mtengenezaji umefuta cheti cha kuzaliwa cha kitu hicho. Ala ya ngozi hunyonya unyevu, hivyo upanga ukae nje ya ala yake ndani ya sanduku hilo hilo, umefungwa kwa kitambaa cha pamba.

Kisha andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la kawaida, andika jina la aliyekileta, kikosi chake kama kinajulikana, alikotoka nacho, aliyerithi, na mwaka. Piga picha za kila upande. Kama kuna shangazi au mjomba mzee anayekumbuka, washa simu umrekodi akisimulia.

Hili la mwisho ndilo linalotuponyoka. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, alijiunga na KAR mwaka 1942, akapigana Madagaska, akaongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera, na akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Yeye tunamjua kwa sababu historia yake imeandikwa. Lakini wale makuruta na makoplo waliorudi Nyamuswa, Kiabakari na Majita wakashika jembe, nani ameandika habari zao? Kizazi chao karibu kimekwisha. Mara nyingi kilichobaki ni medali moja, cheti kilicholiwa na mchwa, na fimbo kama hii.

Kikao cha familia

Ushauri wangu kwa mama wa Bunda ni huu. Wote watatu waitwe kikao kimoja, na wake zao wawepo, kwa maana wao ndio wanaoshinda na watoto nyumbani. Wakubaliane mambo manne na kuyaandika: nani anashika ufunguo, lini wanakwenda kuuliza kuhusu kishikio, nani anaandika historia, na kwamba hakuna atakayeuza peke yake.

Likisha la sheria, wafikirie njia ya nne ambayo hakuna aliyeitaja. Pale Mwitongo, Butiama, kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Familia inaweza kwenda kuomba ushauri, au hata kuuliza kama kitu hicho kinaweza kupokelewa na kuandikwa kwa jina la babu. Waende na watoto. Mwalimu mwenyewe alizoeleka akiwa na kifimbo mkononi, na watu wakasimulia mengi juu ya nguvu zake. Watoto wajifunze kwamba mzee anaweza kuheshimiwa na nchi nzima akiwa na kifimbo tu.

Kama makumbusho hayatakihitaji, kirudi kwenye sanduku chenye daftari lake. Mtoto yule wa miaka tisa atakapofikisha miaka ishirini na moja, asomewe daftari lote mbele ya wadogo zake kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Nawe msomaji, jioni ya leo tazama nyuma ya mlango na juu ya dari. Ukikuta kitu, kifungie kwanza. Kisha mpigie simu mzee wako mmoja umuulize kilitoka wapi, na uwe na kalamu mkononi.